KIOO CHA KOMPYUTA NA KIDOLE CHA MFANYAKAZI

Ndugu mfanyakazi, kuna chombo kinachoingia katika sehemu zetu za kazi, nacho ni kompyuta ya mezani yenye kioo kinachoguswa kwa kidole. Utaikuta kwenye kaunta ya ghala, kwenye lango la kiwanda mahali pa kuandikisha mahudhurio, kwenye chumba cha mizani, na juu ya meza ya karani wa mishahara. Mwajiri husema kuwa ni maendeleo, na hatuna sababu ya kumbishia. Lakini tunayo haki ya kuuliza: maendeleo hayo yamepimwa kwa mkono wa nani?

Swali hili si la mafundi peke yao. Kioo kilichopangwa vibaya huleta makosa, na makosa hayo mara nyingi huandikwa katika jina la mfanyakazi. Tena huleta maumivu ya bega, shingo na kifundo cha mkono, na maumivu hayo hayaandikwi popote. Kwa hiyo ni wajibu wetu kujua jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi, ili tukikaa mezani na mwajiri tuzungumze kwa ushahidi.

KOMPYUTA SI MGENI KIGALI

Hapa Kigali tumekwisha kuzoea kompyuta. Mwaka 2015 kiwanda cha Positivo BGH kilianza kuunganisha kompyuta humu nchini, nyingi zikiwa za kutumiwa mashuleni. Mwaka huo huo ilianza huduma ya serikali iitwayo Irembo, maana yake lango, ambayo kwayo raia huomba vyeti na kulipia huduma za serikali. Mwaka 2019 kampuni ya Mara ilifungua jijini kiwanda cha kutengeneza simu za kioo, na wafanyakazi vijana, wanawake kwa wanaume, wakaingia katika kazi ya kuunda chombo chenyewe.

Tuitazame Irembo kidogo, kwa kuwa inatufundisha jambo. Mtu anaweza kwenda kwa wakala mwenye kompyuta ya mezani, naye wakala akamjazia ombi kwa kibodi na kipanya. Anaweza kutumia simu yake ya kioo na kugusa kwa kidole. Na yule mwenye simu ndogo ya vitufe anaweza kupiga *909# akapata baadhi ya huduma. Kazi ni moja, lakini mikono na vyombo ni tofauti. Mpangaji wa programu aliyekumbuka kidole tu atamtupa mwenye kipanya, na aliyekumbuka kipanya tu atamtupa mwenye kidole. Ndivyo ilivyo hata kiwandani.

KIPANYA NA KIDOLE HAVIFANANI

Mfumo wa kompyuta tuliouzoea, wenye kishale kinachotembea juu ya kioo, ulizaliwa pamoja na kipanya. Mmarekani Douglas Engelbart alikionyesha kipanya hadharani mjini San Francisco mwezi Desemba 1968. Kioo cha kuguswa nacho si kitu cha jana. Mwaka 1965 Mwingereza E. A. Johnson aliandika juu ya kioo cha kuguswa alichokuwa akikitengeneza Malvern, kwa nia ya kuwasaidia waongozaji wa ndege. Mwaka 1972 Chuo Kikuu cha Illinois kule Marekani kilikuwa na mashine za kufundishia zilizoitwa PLATO IV, ambazo mwanafunzi alijibu kwa kugusa kioo. Na katika miaka hiyo ya sabini, mafundi Frank Beck na Bent Stumpe wa kituo cha CERN, karibu na Geneva, walitengeneza vioo vya kuguswa kwa ajili ya chumba cha kuongozea mtambo mkubwa, ili mwendeshaji asizungukwe na ukuta wa swichi.

Kama vyote viwili ni vya zamani, kwa nini basi kuviweka pamoja kumeleta matatizo? Sababu ziko nne, na kila mfanyakazi anaweza kuzithibitisha kwa mkono wake.

Kwanza, ncha ya kishale ni nukta moja, lakini ncha ya kidole cha mtu mzima ina upana wa karibu sentimita moja. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Paul Fitts alionyesha kwa vipimo jambo ambalo kila mpiga nyundo analijua: kadiri shabaha inavyokuwa ndogo na mbali, ndivyo mkono unavyochelewa kuifikia. Ndiyo maana waundaji wa programu za vioo hushauri kwamba kitufe cha kuguswa kisipungue milimita 9 hivi kila upande, na kiachane na jirani yake. Vitufe vidogo vilivyopangwa kwa ajili ya kipanya, vikiguswa na kidole, ni sawa na kumpa fundi misumari ya viatu na nyundo ya kuvunjia mawe.

Pili, kidole hufunika kile kinachokionyesha. Kipanya huacha kitu wazi, lakini mkono hukaa juu ya kioo na kuficha maandishi yaliyo chini yake. Kama jibu la kompyuta linatokea hapo hapo chini ya mkono, mfanyakazi halioni. Hugusa tena, na kazi moja ikaandikwa mara mbili.

Tatu, kipanya kinaweza kusimama juu ya kitu bila kukibonyeza, na kompyuta ikatoa maelezo madogo ya kusaidia. Kidole hakina hali hiyo: ama kimegusa, ama hakijagusa. Msaada wowote uliofichwa kwa namna hiyo, mwenye kidole hataupata kamwe. Vivyo hivyo kitufe cha kulia cha kipanya, ambacho hufungua orodha ya amri: kidole hakina upande wa kulia wala wa kushoto.

Nne, kipanya hukaa juu ya meza na mkono ukapumzika. Kioo kilichosimama wima hudai mkono uinuliwe na kunyooshwa. Hapa ndipo afya inapoingia.

MKONO ULIOINULIWA KUTWA

Mwaka 1983 kampuni ya Hewlett-Packard iliuza kompyuta ya mezani iliyoitwa HP-150, yenye kioo cha kuguswa. Miali isiyoonekana ilipita mbele ya kioo, na kidole kikiikata, kompyuta ilijua mahali kilipo. Lilikuwa jambo la kushangaza. Lakini vumbi liliingia katika vitundu vya miali hiyo, na watumiaji waligundua kwamba kunyoosha mkono mbele ya kioo saa nyingi kunachosha vibaya. Mafundi wakaupa uchovu huo jina la mzaha, mkono wa sokwe, kwa sababu mwisho wa siku mkono huonekana mzito na unaning'inia.

Funzo hilo halikusahaulika kwa wote. Mwezi Oktoba 2010 Steve Jobs wa kampuni ya Apple alieleza hadharani kwamba walikuwa wamekwisha kujaribu, wakaona kuwa kioo cha kuguswa kilichosimama wima hufurahisha kwa muda mfupi, kisha mkono huchoka. Wengine waliendelea kuunganisha mguso na kompyuta za mezani, na wako wanaofanya vizuri. Lakini ukweli wa mwili wa binadamu haubadiliki kwa tangazo la biashara.

Tuweke jambo hili katika lugha ya zamu. Mtu anayegusa kioo mara tano kwa siku kuandikisha kuingia na kutoka, hana shida. Mtu anayegusa kioo kwa kila boksi linalopita mbele yake, tangu asubuhi hadi jioni, huyo anafanya kazi ya kuinua mkono maelfu ya mara. Wa kwanza anaweza kuwekewa kioo ukutani. Wa pili lazima awekewe kioo kilicholazwa, karibu na usawa wa kiwiko, na kibodi na kipanya vibaki mezani ili abadilishe mkono. Kuwapa wote wawili chombo kile kile kwa mpango ule ule ni kutojua kazi.

MIKONO YETU SI MIKONO YA OFISINI

Liko jambo jingine ambalo watengenezaji walioko mbali hulisahau. Vioo vingi vya siku hizi, kama vile vya simu, hutambua kidole kwa sababu mwili wa binadamu hupitisha umeme kidogo sana. Ndiyo maana glovu nene ya mpira au ya ngozi hukizuia kioo kisione kidole, na matone ya maji hukidanganya kioo kikadhani kimeguswa. Iko aina nyingine ya kioo, yenye tabaka mbili nyembamba zinazokutana zikibonyezwa. Hiyo hukubali glovu, kalamu, hata kijiti, lakini hudai nguvu kidogo zaidi na hukwaruzika upesi.

Sasa mtazame mfanyakazi wa kiwanda cha chai mikono yake imejaa utomvu wa majani, au wa machinjioni mikono imelowa, au wa ghala la saruji aliyevaa glovu. Akiwekewa kioo cha aina ya simu, itambidi avue glovu kila dakika, au akose kuivaa kabisa. Hapo mpango mbaya wa kompyuta umekwisha kugeuka kuwa hatari ya ajali. Mwajiri anayenunua kioo bila kuuliza juu ya glovu amenunua nusu ya chombo.

KILO TISA ZINAYEYUKA WAPI?

Kwa ndugu zetu wa mashambani, hasa wachumaji wa chai wa Gicumbi na Rulindo, kaskazini ya Kigali, tutoe mfano. Mchumaji hulipwa kwa kilo. Tuseme banda la kupimia limewekewa kompyuta yenye kioo. Foleni ni ndefu, mvua inanyesha, kapita anahimiza. Mchumaji ameleta kilo 32. Karani, kwa haraka na kwa vitufe vidogo vilivyobanana, anagusa 23, kisha anagusa palipoandikwa HIFADHI, ambapo pamekaribiana na palipoandikwa FUTA. Kilo 9 zimeyeyuka. Karani hakuiba, na mchumaji hakudanganya. Lakini mwisho wa mwezi nyumba moja imepungukiwa, na watu wawili wa tabaka moja wamegombana kwa kosa la mtu wa tatu ambaye hawajapata kumwona.

Kosa hilo linazuilika. Vitufe vya tarakimu viwe vikubwa na viachane. HIFADHI na FUTA zikae mbali, na kila amri ya kufuta iulize kwanza. Kabla ya kuhifadhi, uzito uonekane kwa tarakimu kubwa, na uonekane kwa mchumaji vilevile, si kwa karani peke yake. Kuwe na njia ya kurudisha kosa bila kuita fundi kutoka mjini, na masahihisho yaache alama ya nani alisahihisha na lini. Kisha mchumaji apewe kipande cha karatasi chenye uzito wake. Bora zaidi, mizani yenyewe ipeleke uzito kwenye kompyuta, na kidole kibaki na kazi ya kuthibitisha tu.

Tusiwe watu wa kukataa kila kipya. Kioo kilichopangwa vizuri kina faida kwa mfanyakazi. Mtu asiyepata kujifunza kibodi anaweza kuongozwa kwa vitufe vikubwa vyenye picha na maneno machache. Maneno hayo yanaweza kuwa ya Kinyarwanda au ya Kiswahili, lugha ambayo Bunge lilikubali mwaka 2017 iwe miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda. Kazi iliyokuwa ya wachache waliosoma inaweza kuwa ya wengi. Tunachokataa ni mpango wa kazi usiomjua mfanya kazi.

WAKUBWA NAO HUSAHIHISHWA

Wengine watasema: sisi wadogo hatuwezi kuwafundisha watengenezaji wa dunia. Historia inakataa. Mwezi Oktoba 2012 kampuni ya Microsoft, ambayo programu yake ya Windows ilikuwa katika kompyuta nyingi kupita zote maofisini, ilitoa Windows 8. Kwa kutaka kufurahisha kidole, iliondoa kitufe cha kuanzia ambacho watu walikuwa wamekizoea tangu mwaka 1995, ikajaza kioo vigae vikubwa, na amri nyingine ikazificha pembeni. Mwenye kioo cha kuguswa aliona raha. Mamilioni waliokuwa na kipanya na kazi za kumaliza walipotea njia ndani ya kompyuta zao wenyewe. Malalamiko yakawa makubwa. Katika mwaka mmoja tu, Oktoba 2013, toleo la 8.1 likakirudisha kitufe, na mwezi Julai 2015 Windows 10 ikaja na mpango wa kubadilika: kompyuta ikiwa na kibodi inajipanga kwa kipanya, ikitumika kama kibao cha mkononi inajipanga kwa kidole. Waliousahihisha mpango ule ni watumiaji waliokataa kunyamaza.

VYAMA VYA WAFANYAKAZI VILIVYOWAHI KUSIMAMA

Wenzetu wa nchi nyingine wamekwisha kupita njia hii. Tangu mwaka 1970 hivi, chama cha wafanyakazi wa chuma cha Norway kilifanya kazi na mtaalamu Kristen Nygaard ili wanachama wenyewe wajifunze maana ya kompyuta kazini. Mwaka 1975 shirikisho la wafanyakazi na shirikisho la waajiri wa nchi ile wakatia sahihi mapatano: wafanyakazi waelezwe mitambo mipya ya kompyuta kwa lugha inayoeleweka, na wawe na wawakilishi wao wa kushughulikia jambo hilo.

Kati ya mwaka 1981 na 1985 wapiga chapa wa nchi za Skandinavia, kupitia chama chao, walishirikiana na wataalamu wa Sweden na Denmark katika mradi ulioitwa UTOPIA. Hawakungoja kompyuta ije. Walitengeneza mifano ya mbao na makaratasi, wakakaa mbele yake, wakafanya kazi zao kwa kuigiza, wakaonyesha panapofaa na pasipofaa. Na mwaka 1992 shirikisho la wafanyakazi wa maofisini la Sweden, TCO, lilitoa viwango vyake vya vioo vya kompyuta. Watengenezaji wa vioo duniani wakaanza kuibandika alama ya TCO juu ya bidhaa zao. Chama cha wafanyakazi kiliwapimia wenye viwanda!

Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya nayo, kwa agizo la mwaka 1990, iliwalazimu waajiri kuchunguza meza za kazi zenye vioo, ikasema kwamba programu iifae kazi yenyewe na iwe rahisi kutumia, na kwamba isitumike kumpima mfanyakazi kwa siri bila yeye kujua.

Ndugu wa mashambani wasidhani haya ni ya maofisi peke yake. Huko California, mwezi Januari 1975, baada ya mapambano marefu ya vibarua wa mashamba na mawakili wao, Mahakama Kuu ya jimbo iliamua kwamba jembe la mpini mfupi, lililowainamisha watu kutwa na kuwaharibu migongo, linaweza kuhesabiwa kuwa chombo cha hatari, na likapigwa marufuku. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na mwajiri hupenda kutukumbusha methali hiyo. Lakini hapa asiyechagua ndiye aliyevunjika mgongo.

TUDAI NINI?

Sheria ya kazi ya Rwanda, Namba 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018, inagusa usalama na afya kazini, wawakilishi wa wafanyakazi, na mapatano ya pamoja. Sheria Namba 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 inalinda taarifa binafsi za mtu. Yote mawili yanatuhusu, kwa kuwa kompyuta inayoguswa inaweza pia kuhesabu nani amegusa, saa ngapi, na kwa kasi gani. Basi kila tawi lipeleke madai haya mezani:

1. Kabla ya kununua, mwajiri aeleze chombo kipya kwa wawakilishi wa wafanyakazi, kwa lugha wanayoielewa.

2. Kijaribiwe na wale watakaokitumia, mahali pale pale pa kazi, kwa glovu zile zile na mwanga ule ule.

3. Kibodi na kipanya visiondolewe kwa anayefanya kazi ya kutwa, na kioo kiweze kulazwa.

4. Vitufe vya kazi ya kila siku viwe vikubwa, vya kufuta viwe mbali, na kila kosa liweze kurudishwa.

5. Kosa linalotokana na mpango mbaya wa kioo lisikatwe katika mshahara.

6. Muda wa kujifunza uhesabiwe kuwa muda wa kazi, na mapumziko yawepo.

7. Kila anachokihesabu mashine juu ya mfanyakazi kijulikane kwake.

Kama mwajiri atasema gharama ni kubwa, mjibuni kwa hesabu: kilo zilizoandikwa vibaya, mizigo iliyopotea ghalani, na mtu mzoefu aliyelala nyumbani kwa sababu ya bega, hizo nazo ni gharama, tena za kila mwezi.

Na tusingoje chombo kifike. Katika mkutano ujao wa tawi, chukueni katoni, chorahi juu yake vitufe kwa ukubwa vilivyoonyeshwa katika karatasi za muuzaji, kisha isimamisheni pale itakapowekwa kompyuta. Aje karani wa mizani, aje mama wa kufungasha, aje mzee wa ghala na glovu zake, kila mmoja aguse kama anavyogusa katika zamu nzima. Andikeni palipokosewa na palipouma. Karatasi hiyo ndiyo mtakayokwenda nayo kwa mwajiri, ikiwa na sahihi za wote, maana kidole kimoja hakivunji chawa.